Joto Lisilo na Mlango

Karatu,
Machi 2025

Yeyo, mama yangu mpendwa,

Nakuinamishia kichwa kutoka huku Karatu. Unaendeleaje? Lile goti la kushoto bado linakusumbua ukiinuka asubuhi? Na wale mbuzi waliokuwa wakikohoa, wamepona, au Lekoko bado anawapa dawa kwa kukisia? Mimi nipo, nakula, nalala, na kazi ninayo. Mvua za masika zinatutania tu. Zinanguruma upande wa Oldeani, watu wanatoa ndoo nje, kisha zinaondoka bila hata kulowesha vumbi. Wambulu wameshapanda mahindi na maharage yao kwa imani, nami nawaombea kwa moyo wote, kwa sababu ng'ombe wao wakikosa majani mimi nakosa kazi.

Nashipai, mwanangu, wewe unayesoma barua hii, nisikilize kwanza. Kabla hujaendelea hakikisha baba yako Lekoko hayupo karibu. Mkalishe bibi yako mahali penye kivuli, mpe na chai. Shuleni walinifundisha kuandika kwa Kiswahili, Kimaa changu kiko mdomoni tu, kwa hiyo kazi ya kumgeuzia maneno ni yako. Yageuze yote, hata yale yanayonichafua mimi baba yako mdogo. Usirukeruke kama unavyoruka hesabu zako. Ukikutana na jambo la kukuliza, lia baadaye.

Najua utashangaa, Yeyo, kwa nini naandika wakati simu ziko kila mahali. Simu ya Lekoko ina tabia ya kuongea na boma zima. Nikisema neno, watoto wanalirudia, wake wanalijadili, na kabla hatujaagana majirani wameshanipa ushauri. Haya ninayotaka kukuambia leo siyo ya boma zima. Ni yako wewe, na yamenikaa kooni tangu mwaka juzi.

Bado niko kwenye kile kituo cha maziwa cha Mama Katarina. Wafugaji huja alfajiri na maziwa yao kwenye madumu, wengine kwa baiskeli, wengine kwa bodaboda, mimi nayapima, nayachuja, nayamimina kwenye tangi la kupozea. Chumba cha tangi kina baridi ya kwetu Nainokanoka ya mwezi wa saba. Wenzangu wakiingia humo hutoka mbio wakisugua mikono, mimi ndimo ninamoshinda. Mama Katarina husema ameona Wamasai wa kila aina ila hajaona anayelikimbia jua kama popo. Nacheka naye, maana ni mama mwema na ananilipa kwa wakati. Lakini nimechoka kuwachekesha watu kwa jambo ambalo mimi mwenyewe halinichekeshi.

Nikuambie ukweli, maisha yangu yamekuwa membamba. Asubuhi nafanya kazi, jua likipanda najifungia ndani mpaka lipoe. Siku ya mnada wenzangu wanakwenda kutazama ng'ombe, wanabishana bei za madume ambayo hawana hata nia ya kuyanunua, na mimi niko ndani nawasikia ng'ombe wakilia kwa mbali. Nikitaka kupanda juu kwenye kreta, boma letu lilishabomolewa, na pale geti la hifadhi sina tena pa kusema naenda kwangu. Nikitaka kushuka, barabara inapita Rhotia, inafika ukingoni mwa bonde, na chini yake kuna Mto wa Mbu na joto lake. Niliwahi kushuka mchana mara moja kufuata kifaa cha tangi. Nilirudi nimelazwa nyuma ya pikapu kama mbuzi wa sikukuu. Basi juu siendi na chini siendi. Magari ya watalii yanapita asubuhi yakipanda, yanapita jioni yakishuka, nami nayatazama dirishani. Kuna siku hasira inanipanda mpaka naupiga ngumi ukuta wa chumba changu, ukuta wa watu usio na kosa lolote.

Sasa niingie kwenye jambo lenyewe. Krismasi Lekoko alinipigia akanifikishia maneno yako. Alisema umesema nyumba ya mama ni ya mtoto wake wa mwisho, kwamba mtoto wa mwisho ndiye anayekaa na mama yake na ndiye anayemlaza siku yake ikifika. Kwamba unalala kwenye nyumba ambayo nafasi yangu iko wazi na majirani wanauliza. Kwamba mwezi wa saba ukiisha kabla sijaja kukaa, basi nisije hata kukuzika. Alipomaliza, nikasikia pumzi zako karibu na simu. Ulikuwepo, Yeyo. Ulitaka kusikia kwa masikio yako nitajibu nini. Nikajibu kwamba nitaangalia ratiba ya kazi. Tangu nizaliwe sijawahi kutoa jibu la kipumbavu kama lile.

Najua pia yanayosemwa. Kwamba Tobiko ameonja pesa za mjini. Kwamba kuna mwanamke wa Kimbulu mwenye baa aliyenifunga kamba, na eti anaitwa Laurencia, hata jina wamempatia. Huyo Laurencia ningependa sana kumwona, maana mwanamke pekee anayeniita kila siku hapa ni Mama Katarina, na ananiita kwa sababu ya maziwa. Sina mwanamke aliyenifunga. Kilichonifunga ni hiki nilichokivaa tangu utotoni, nami sasa nakuomba ukae vizuri unisikilize.

Unakumbuka tulivyohama kutoka Nainokanoka. Ilikuwa kipindi cha baridi, lori la mifugo mbele, sisi nyuma, wewe umekumbatia vibuyu vyako kama watoto wachanga. Majuma ya kwanza huko Handeni kulikuwa na upepo, nami nilikuwa mzima kama wengine, nikachimba na mashimo ya nguzo za zizi. Kisha jua likaanza kazi yake. Nikawa naumwa kichwa, moyo unakwenda mbio nikiwa nimekaa tu, natukana watu bila sababu. Sikusema. Mwanamume aliyetahiriwa hasemi kwamba jua linamshinda huku wasichana wanachota maji kwenye jua lilelile. Siku moja nikaanguka nikiwa nafukuza ndama. Mkanikuta mwili unachoma kama jiwe la mekoni, na hakuna tone la jasho.

Wewe ulifanya kile ambacho kila mama wa Nainokanoka angefanya. Kwetu juu, mtu mwenye homa amepigwa na baridi, basi anafunikwa. Ulinifunika mablanketi mawili, ukanipaka mafuta ya kondoo kifua na mgongo, ukaninywesha supu ya moto yenye magome. Ulikesha umenishika mkono. Nakumbuka harufu ya mafuta yale na sauti yako ikimwomba Enkai, Mungu wetu. Lekoko akaona nazidi kuweweseka, akanipakia basi la usiku kunileta Karatu, kwa kuwa ndiko walikonitibu nikiwa mtoto. Njiani akafungua dirisha na kunivua yale mablanketi kwa sababu abiria wa kiti cha jirani alilalamikia harufu ya mafuta. Huyo abiria simjui jina, ila namwombea kila siku. Upepo ukanipiga usiku kucha. Asubuhi tulipokuwa tunapanda ukingo, nikakaa mwenyewe nikaomba chapati.

Lekoko amesimulia hadithi hiyo mpaka imekuwa kama wimbo, kwamba ugonjwa wa Tobiko ni wa ajabu, unapona ukiona mji wa Karatu. Simlaumu. Hata mimi ningekuwa yeye ningecheka. Nilikuambia kwenye simu kwamba ni malaria, ukaamini, na uongo huo ndio umetufikisha hapa.

Haikuwa malaria. Hospitalini nilipokelewa na daktari mmoja mwanamke, Mmbulu, anaitwa Dorkasi. Alinivua shati akayatazama makovu ya mgongo, kifua na mikono yangu kwa muda mrefu. Akauliza niliungua nikiwa na umri gani, nikamwambia nilikuwa bado mdogo hata kwa kuchunga wana-kondoo. Siku nyingine akaniita, akaniweka kwenye chumba kidogo cha kupashia joto anachotumia mtaalamu wa viungo, akaniambia nikae hapo niinue vyuma. Baada ya muda akanigusa paji la uso, lilikuwa linatiririka. Akanigusa mgongoni, mkavu kabisa kama ngozi iliyowambwa. Akanipima joto, akazima kile kipasha joto haraka, akafungua madirisha.

Alinieleza hivi, nami nakueleza kama nilivyoelewa. Mwili wa mtu una moto wake ndani, hauzimiki mpaka siku ya kufa. Damu ndiyo inayobeba ule moto. Chini ya ngozi kuna mishipa midogo mingi sana, myembamba kuliko uzi wa shanga zako. Baridi ikija, ile mishipa inajibana, damu inakimbilia ndani kulinda tumbo na moyo, ndiyo maana ukikamua alfajiri kule juu vidole vinakufa ganzi na kupauka. Joto likija, mishipa inafunguka, damu inajaa kwenye ngozi, inaachia moto wake hewani, na jasho linausaidia kuondoka. Alisema niwatazame Wazungu wanaopanda mlima Olmoti kwa miguu, wanavyoiva mashavu kama nyanya. Ile ni damu imekuja nje kupumzika. Sisi weusi haionekani hivyo, ila ni ileile.

Tena umeshaiona mwenyewe, Yeyo. Unawakumbuka tembo waliokuwa wakitoka msituni nyuma ya boma mchana wa jua, wanasimama wanapunga masikio, na wazee wakisema wanafukuza inzi? Dorkasi anasema nyuma ya sikio la tembo kuna mishipa minene. Damu ya moto inapita pale, inapata upepo, inarudi mwilini imepoa. Mimi ni tembo aliyekatwa masikio. Ngozi niliyopandikizwa mgongoni ilitolewa pajani, ikaziba kidonda vizuri, kila mtu akashukuru. Lakini mishipa yake haisikii amri tena. Joto likija, haifunguki inavyotakiwa, na jasho halina pa kutokea. Moto wa ndani unatafuta mlango, unakuta ukuta. Kwenye ubaridi wa juu hakuna aliyejua, kwa kuwa kule ukuta haukuwa na kazi. Huko mliko, nikikaa mchana mmoja wa jua kali, naweza kufa bila mtu kunigusa.

Nilimuuliza kama kuna dawa. Alisema hapana, na akasema hivyo bila kuzunguka, kitu nilichomshukuru. Akasema nikae mahali pa baridi, nikilazimika kwenda kwenye joto nisafiri usiku, na mchana nivae shati lililoloweshwa na nizidi kulilowesha, maji ya nje yafanye kazi ya jasho nisilokuwa nalo. Akauliza ni nani aliyenifunika mablanketi na kunipaka mafuta, kwa sababu kidogo tu yangenimaliza. Nikamwambia nilijifunika mwenyewe.

Sasa unajua. Na najua swali lako, kwa nini sikukuambia mwaka juzi, nikakuacha unung'unike na kuaibika kwa majirani. Yeyo, ni kwa sababu ya mikono yako.

Sikumbuki moto ule. Nakumbuka tu yaliyosimuliwa, kwamba ulikuwa umetoka kumtafuta ndama, kwamba ulipoona moshi ulikimbia, ukapasua ukuta wa nyumba kwa mikono na kunivuta. Vidole vyako viwili havikunjiki tangu siku hiyo. Sijawahi kukusikia ukisimulia wewe. Mtu akianza habari za moto, unainuka unakwenda kutazama mbuzi, hata kama mbuzi hawapo. Lakini siku moja nikiwa mdogo nilijifanya nimelala, nikakusikia ukimwambia shangazi kwamba hutamwomba Enkai kitu kingine maishani, kwa kuwa alikurudishia mtoto akiwa amepona kabisa, na lile kosa lako la kumwacha peke yake amelifuta. Ulilisema kwa sauti ya mtu aliyetua mzigo. Mimi nimekua nikiitunza sauti hiyo.

Waswahili wanasema mwenye kovu usidhani kapoa. Ningekuambiaje hayo? Ningekuambiaje kwamba ule moto haujazimika, kwamba ndio unaonizuia kukaa nawe, kwamba kama usingeniacha dakika ile ningekuwa nimelala chumbani kwako usiku huu? Nikaona bora unikasirikie. Hasira zako nazijua, zinapiga kelele kisha zinachoka. Majonzi yako siyawezi. Nikaamua kuwa mwana mbaya, nikafikiri ni mzigo mwepesi. Siyo mwepesi. Tangu Krismasi silali vizuri.

Lakini kuna kosa moja sitalikubali, nalo ndilo linalonifanya nishike kalamu. Juzi Lekoko kaniambia umesema kwamba tangu niondoke sijawahi hata kupiga hatua moja kuja kukuona.

Yeyo, nilikuja.

Ilikuwa mwezi uliopita, baada ya maneno yako ya Krismasi kunikaba. Nilimwomba ruhusa Mama Katarina, nikapanda basi la usiku Arusha kama Dorkasi alivyonielekeza. Hesabu yangu ilikuwa nifike kwako kabla ya jua, nikae nawe ndani asubuhi, nikueleze kwa mdomo, jioni niondoke. Basi likaharibika Same. Tukakaa pale kando ya barabara mpaka jua likatoka, fundi akaja, akaondoka, akarudi. Nililowesha shati langu kwa chupa za maji, abiria wakanitazama kama kichaa, sikujali. Nilifika kwenye senta yenu jua likiwa utosini, lakini nilikuwa mzima bado, kwa sababu shati lilikuwa linachuruzika.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga wangu. Nilijitazama, nikaona nimelowa kuanzia shingoni mpaka kiunoni kama mtoto aliyejikojolea. Nikajiambia mtoto wa mwisho harudi kwa mama yake hivi, mbele ya majirani wanaouliza. Nilikuwa nimebeba shuka zangu mbili nzuri, na blanketi jekundu zito nililokununulia. Nikaingia nyuma ya duka, nikavua shati, nikajifuta nikakauka, nikavaa shuka zote mbili. Blanketi sikutaka kulileta ndani ya mfuko wa plastiki kama kilo ya sukari, nikalitupia mabegani. Nikajipaka na mafuta kidogo usoni nipendeze. Yule kijana wa bodaboda, anaitwa Martini, aliniuliza kama sisikii joto. Nikamwambia Mmasai hasikii joto.

Nilikuona. Alinishusha kwenye njia inayotoka bombani, nikakuona umekaa upande wa kivuli wa nyumba, miguu umeinyoosha, unatunga shanga. Umekonda, Yeyo. Ulikuwa umevaa lile vazi la bluu. Uliinua uso, ukaweka kiganja juu ya macho, ukamuuliza mtoto aliyekuwa karibu yule ni nani amesimama njiani. Nilikusikia kabisa. Nilitaka kujibu, ulimi ukawa mzito. Nikapiga hatua, ardhi ikainama. Kichwa kilikuwa kinagonga, moyo unataka kutoka, na nilijua, kwa jinsi mtu anavyojua mlango wa nyumba yake, kwamba nikipiga hatua nyingine tano nitaanguka miguuni pako. Ungepiga kelele. Ungenifunika lile blanketi. Ungenishika mkono kwa vidole vile, na ningekufa hapo, na wewe ungebaki na hilo pia.

Nikageuka. Ulimwengu mzima ungeona mwana anayempa mama yake mgongo. Nilimfikia Martini nikamwangukia, akanikokota nyuma ya tangi la maji la kijiji, akanifungulia koki kichwani mpaka nikaweza kusema. Huyo kijana alikuwa na akili kuliko mimi. Nilimwomba mambo mawili, asimwambie mtu, na alipeleke blanketi. Lile blanketi jekundu ulilolikuta mlangoni, ambalo Lekoko alisema limeletwa na watu wa kanisa, ni langu. Lilikuwa na joto ulipolishika kwa sababu lilikuwa limetoka mabegani mwangu.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo. Sasa nakuomba, na sikuombi kama mtu mwenye haki. Nyumba yako mpe Lekoko. Mbele ya wazee sema kwamba mimi mwenyewe nimeiachia, na kwamba yeye ndiye atakayekulaza siku hiyo, ambayo Enkai aicheleweshe sana. Kuandika mstari huu kumenichukua muda mrefu kuliko barua yote. Kukaa huko siwezi, na mila haiwezi kuningoja mpaka nipate ngozi nyingine. Kuhusu moto, wewe ulipasua ukuta kwa mikono, na mimi nina miaka yote hii ya kuishi kwa sababu hiyo. Usiinuke kwenda kutazama mbuzi, Yeyo. Kaa umalizie kusikiliza.

Dorkasi amesema naweza kuja kwa muda mfupi. Mwezi wa saba usiku kuna ubaridi huko, nije usiku, na jua likipanda nikae ndani nikiwa na nguo mbichi, nimwagiwe maji kila zinapokauka. Nitakuja nikiwa nimelowa. Majirani wataona. Watoto watacheka kwamba mtoto wa mwisho wa bibi amefika kama aliyetoka kisimani. Nitakaa nalowesha sakafu yako ya saruji mchana kutwa, na hutanifunika, hata nikitetemeka. Aibu hiyo siwezi kukuletea bila idhini yako, kwa kuwa ni nyumba yako na jina lako.

Nisalimie Lekoko, mwambie ndugu yangu aendelee kusimulia hadithi yake ya basi, mimi nimeshamsamehe tangu alipofungua dirisha. Wasalimie wake zake na watoto wote, na shangazi kama bado anapita. Mama Katarina anakusalimu sana, anasema ukipata nafasi uje uonje chai ya maziwa ya ng'ombe wa Kimbulu, ingawa nimemwonya kwamba utayakosoa.

Nashipai, ukimaliza kusoma, mwekee bibi yako karatasi hii mkononi, kisha nyamaza. Yeyo, usinitumie jibu kwa simu. Kama hutaki nije, ichane tu, sitauliza. Lakini kama unaniruhusu nije na maji yangu, itemee mate ya baraka kama ulivyokuwa ukitutemea tunapotoka safarini na tunapoondoka, Nashipai aikunje ikiwa bado mbichi, aipeleke kwenye basi la Arusha, waniunganishie mpaka Karatu. Nitakwenda kuipokea stendi saa za jioni, jua likishatua.

Wako, mtoto wako wa mwisho,

Tobiko